Orpa wa Kompyuta

Kwa maoni ya Appolinaire, simu ni kitu cha kupiga na kupigiwa. Iwe na vitufe ambavyo kidole kinavijua hata bila macho, iwe na tochi, na chaji yake idumu mpaka mwenyewe asahau alikoiweka chaja. Simu za kioo, zile za kupangusa kama mtu anayefuta meza, alizihesabu kuwa kazi ya wakubwa. Wakubwa gani, hakuona haja ya kuwataja. Walikuwepo tu, mahali fulani, wamekaa. Ndio waliotengeneza simu isiyofika jioni, ndio walioacha umeme upite mbali na mtaa wake, halafu wakashangaa kwa nini nusu ya Wakongomani wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale wanashinda mbele ya kibanda cha Ulrich.

Kibanda hicho kilikuwa na paneli ya sola juu ya bati, na ndani nyaya zilining'inia kama matumbo ya mbuzi siku ya sikukuu. Watu walileta simu zao kuchaji, na kwa kuwa kuchaji hakuna haraka, walikaa kwenye mabenchi wakatoa maoni. Huyu alisifu kamera, yule akasifu ukubwa wa kioo. Appolinaire naye alikuja na simu yake ya vitufe, akaiweka juu ya meza kwa uso wa mtu anayelipa faini.

"Papa Sonia," walimwambia, maana binti yake aliitwa Sonia, "na wewe utafute simu ya batu. Hii yako ni ya kupigia panya."

"Panya anakufa," alisema Appolinaire. "Na yako inaua nini? Juzi ulikuwa unaangalia kioo mpaka ukaingia na baiskeli mu mutaro."

"Mais picha ya mutaro ilitoka muzuri," mwingine akadakia, na kibanda kizima kikacheka. Appolinaire hakucheka. Alikuwa ameacha, kama wengine wanavyoacha sigara.

Mke wake Orpa alikuwa amefariki miaka miwili nyuma. Kwa maneno ya waganga wa hospitali, aliuawa na homa. Kwa maneno ya Appolinaire, aliuawa na mkutano: gari la wagonjwa lilikuwepo, dereva alikuwepo, mafuta yalikuwepo, ila mtu wa kusema "nenda" alikuwa mkutanoni, na mkutano wenyewe, baadaye alikuja kuambiwa, ulikuwa wa kuzungumzia mambo ya gari. Tangu siku hiyo hakuona jambo baya duniani lisilo na mkubwa wake. Mvua ikichelewa, kuna mtu hakusema "nyesha."

Sasa ilibaki kutoa matanga. Katika mtaa wao, watu waliotoka Fizi, kule Kongo, walikuwa na namna yao. Picha ya marehemu huwekwa mezani juu ya kitambaa cheupe, na watu hupita mmoja mmoja, kila mtu anasimama mbele yake na kumsalimu kwa jina, kama mtu aliyerudi safarini. Wakimaliza, picha inaingizwa nyumbani na kutundikwa ukutani, na kuanzia hapo hiyo ndiyo sura yake. Ile ya jenezani inaachiwa udongo. Ndiyo maana picha haikuwa pambo. Ilikuwa ndiyo shughuli yenyewe.

Na kwa Sonia ilikuwa zaidi ya shughuli. Mama yake alipokufa, mtoto huyo alikuwa bado anabebwa mgongoni. Sasa alikuwa ameanza shule ya watoto, anajua kuimba kwa Kifaransa mambo asiyoyaelewa, lakini mama yake hamkumbuki hata kidogo. Alikuwa anaingoja picha kama wenzake wanavyongoja nguo ya Noeli. "Papa, Mama iko na pua ya namna gani?" angeuliza wakila. Appolinaire angetafuna, angefikiri, na kusema, "Ya kawaida." Jibu hilo lilimuudhi hata yeye mwenyewe, ila maneno ya kuelezea pua hakufundishwa, na shule aliyosoma ilifungwa na vita kabla ya kufika kwenye pua.

Picha ya Orpa ilikuwa moja tu. Ilipigwa shambani na jirani yao Capitoline, rafiki ya Orpa, kwa simu yake ya wakati huo. Orpa alikuwa katikati ya maharagwe, jembe begani, kitambaa cha kichwa kimekaa upande, mkono mmoja juu, mdomo wazi. Simu ya Capitoline baadaye ilitumbukia kwenye sufuria ya sombe na haikupona. Lakini kabla ya hapo picha ilikuwa imesafiri: Capitoline alimtumia dada yake Bukavu, dada akamtumia mjomba Nairobi, mjomba akaipeleka kwa ndugu aliyepelekwa Sweden, na yule wa Sweden, alipoombwa, akairudisha kwa njia hiyo hiyo. Kila ilipopita ilifika ndogo kidogo kuliko ilivyoondoka. Orpa, ambaye katika maisha yake hakuvuka mpaka ila mmoja, na huo kwa kukimbia, alizunguka dunia, na kila nchi ikachukua kipande chake.

Komite ya matanga iliichukua picha hiyo na kusema itaishughulikia. Prezidenti wa komite alikuwa Ulrich. Ulrich alikuwa prezidenti wa kila kitu. Kungekuwa na komite ya kuchomoza kwa jua, angeiongoza yeye, na watu wangezoea giza.

Siku chache kabla ya Jumamosi ya matanga, Ulrich alimwita kibandani mbele ya watu wote wa maoni. Alikuwa na kitu kipana kimefungwa kwenye karatasi.

"Papa Sonia, kaa kwanza," alisema. "Komite imetumika kazi. Tumetuma picha mujini Mbarara, fasi banatengeneza na kompyuta. Si mambo ya hapa."

Akafungua.

Kilikuwa kibao cha picha, na kwenye kibao alikuwepo mwanamke mzuri. Hilo halikubishaniwa na mtu. Ngozi yake haikuwa na alama ya kitu chochote kilichowahi kumpata. Meno yalikuwa yamepangwa, nywele zimelala, masikioni herini. Nyuma yake, badala ya maharagwe, palikuwa na bustani ya hoteli yenye maji yanayoruka. Mdomo ulikuwa umefungwa kwa tabasamu dogo. Na ule mkono uliokuwa umeshika mpini wa jembe sasa ulishika sakoshi, mkoba wa mama wa mjini.

Watu wa mabenchi walisogea kutazama.

"Huyu ni nani?" Appolinaire akauliza.

"Ni Mama Sonia!"

"Mama Sonia gani?"

"Wako!" Ulrich alisema, akiwageukia watu wamsaidie. "Bamemusafisha tu."

"Alikuwa muchafu?"

"Papa Sonia, usianze."

"Mimi naulizia jembe. Liko wapi? Na kovu ya hapa juu ya jicho? Na lile jino alivunja na mufupa? Muliona ni deni, mukalifuta?"

"Mutu anaenda kwa Mungu, unataka aende na jembe?" mmoja akasema kutoka kwenye benchi.

"Na sakoshi anaenda kununua nini?"

Watu walicheka, kisha wakakumbuka wapo mbele ya marehemu, wakaacha. Wakati huo Capitoline alikuwa akipita, amemshika Sonia mkono kumtoa shule. Mtoto aliona kibao, akauachia mkono wa Capitoline. Alisimama mbele ya yule mwanamke na kumtazama kutoka juu hadi chini, na kutoka chini hadi juu.

"Ni Mama?"

"Ndiyo, ni Mama," Ulrich alijibu haraka, kabla Appolinaire hajafungua mdomo. Ndivyo walivyo wenye vyeo. Wanawahi.

"Bonjour, Mama," Sonia akasema. Kisha akamwambia Capitoline kwa sauti ya kujivuna, "Mama iko na sakoshi."

Capitoline alitazama kibao, akamtazama Appolinaire, akatazama chini.

Jioni, Appolinaire akiwasha moto, alimwona binti yake anatembea uani kwa hatua ndogo ndogo, mfuko wa plastiki umening'inizwa mkononi, mdomo umebanwa kwa tabasamu dogo. Alikuwa anamwigiza mama yake. Alifika hadi jikoni, akageuka kwa madaha, akarudi. Orpa hakuwahi kutembea vile hata siku moja. Orpa alitembea kama mtu anayekwenda kugombana, na mara nyingi ndiko alikokuwa anakwenda.

Appolinaire aliutazama mfuko ule ukienda na kurudi mpaka maji yakachemka yakazima moto. Jumamosi wangemsalimu mwanamke wa hoteli kwa jina la Orpa, wangemtundika ukutani, na mtoto wake angekua anamfuata yule. Na akiisha kukua, nani angemwamini baba mwenye kusema pua ya kawaida?

Alfajiri akachukua kibao, akamwachia Capitoline mtoto, akaenda Mbarara.

Mbarara ilimpokea kama siku zote, yaani haikumwona. Alitembea na kibao kwapani hadi Ruti, pembeni mwa barabara ya Kabale, akauliza studio mpaka akaipata. Mwenyewe aliitwa Gad, kijana Mnyankore wa miwani na kiti cha kuzunguka. Alikuwa na mteja, mke wa askari kutoka kambi ya Makenke, aliyekuja kupigwa picha na alikuwa bado anajipaka poda.

Appolinaire aliweka kibao juu ya meza.

"Aa, ya Nakivale!" Gad alifurahi kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Mzee, imetoka vizuri sana. Nakosa kitu?"

"Inakosa bibi yangu."

Gad alikitazama kibao, halafu akamtazama yeye.

"Alikuwa na jembe," Appolinaire akasema. "Mulilipeleka wapi?"

"Mzee, mimi hapana toa jembe. Ni application. Wewe naweka picha mbaya, nabonyeza hapa, yenyewe natengeneza. Yenyewe naona jembe, nasema hapana, huyu ni mama, mpe handibegi."

"Nani anaiambia hivyo?"

"Hakuna mtu."

"Mukubwa wake ni nani?"

"Haina mkubwa, ssebo. Iko tu."

Appolinaire alivuta kigoda akakaa. Katika nchi mbili alizoishi alikuwa amekutana na ofisi ambazo mkubwa amekwenda kula, amekwenda semina, amelala, amehamishwa, na moja ambayo mkubwa alikuwa amejificha chooni. Ofisi isiyo na mkubwa kabisa hakuwahi kuiona. Alihisi kama mtu aliyeinua fimbo akakuta nyoka hana kichwa.

"Nipe namba yake ya simu."

"Haina namba."

"Basi mimi napanda Kamukuzi. Kule serikali iko."

"Nakwenda ambia nani, mzee?"

"Nitawaambia kuna kitu kinabadilisha batu na hakina mukubwa."

"Watauliza wewe, kinabadilisha namna gani? Wewe nasema, kinafanya watu wazuri." Gad alitikisa kichwa kwa huruma. "Kamukuzi nzima watakuja hapa na picha zao."

Yule mke wa askari aliweka poda chini akasogea kuona. "Banange," alisema, "mzee, wewe nalia juu ya hii? Mimi ndiyo nataka. Gad, mimi fanya hivi hivi, na tumbo toa."

"Mama, tumbo ni lako," Appolinaire akamwambia. "Fanya nalo unavyopenda. Mimi natafuta mutu."

Kwa kuwa hakuondoka, Gad aliona njia rahisi ni kumsaidia. Akageuza skrini ili mzee aone, akaiandikia mashine kwamba yule mama apewe jembe. Mashine ilifikiri, ikatoa. Jembe lilikuja linang'aa kama kijiko cha harusi, na kucha zilizolishika zilikuwa zimepakwa rangi nyekundu.

"Na hoteli bado iko nyuma," alisema Appolinaire. "Analima hoteli?"

Gad aliandika tena: mdomo wazi. Ukaja mdomo wazi, na ndani meno meupe hayana mwisho, kama tangazo la dawa ya mswaki. Aliandika: mama wa kijijini, wa kawaida. Hapo mashine ikamvua herini zote, ikamvika matambara, ikamtia vumbi usoni na chozi moja shavuni, mikono ameinyoosha mbele. Appolinaire alimtambua mara moja. Ni yule mwanamke wa kwenye mabango ya misaada. Alikuwa amemwona maisha yake yote na hajawahi kukutana naye.

"Kwa hiyo iko nao bawili tu," alisema. "Wa hoteli na wa kuomba."

"Ngoja, mzee, nitatafuta pahali pengine," Gad akasema, sasa anatoka jasho. Alibonyeza huku, akabonyeza kule, na kwa bahati mbaya akagusa kitu cha umri.

Akaja mwanamke mzee. Nywele nyeupe, mashavu yameingia, macho yamebana kama ya mtu anayetazama juani. Mashine, kwa kumzeesha, ilikuwa imesahau kumrembesha. Ilikuwa ni Orpa. Si Orpa aliyemzika. Ni yule ambaye angekaa mlangoni miaka mingi mbele, akimlalamikia yeye juu ya paa linalovuja, na Sonia angemletea wajukuu.

Lori lilipita barabarani, vikombe vikagongana rafuni.

"Hii nafanana?" Gad aliuliza taratibu.

"Ndiyo."

"Naweza print."

"Funga."

"Mzee, kama nafanana..."

"Funga, nimesema. Huyu hakufika."

Gad akafunga. Tumbo la yule wa Makenke lilikuwa bado linasubiri.

"Onyesha ile ya kwanza," Appolinaire akasema mwishowe. "Ile mulipokea. Kabla ya kubonyeza."

Gad aliitafuta. Ilikuwa ndogo kama stempu. Alipoivuta kuijaza skrini, Orpa alivunjika akawa vipande vya mraba, vya kahawia, vya kijani, vya bluu, kama ukuta wa matofali uliopakwa rangi na walevi. Hakukuwa na jicho wala mdomo.

"Unaona, mzee? Hii hapana picha. Hii ni mabaki. Mimi naprint hii, watu wasema Gad hajui kazi."

Appolinaire hakubisha. Kwa mara ya kwanza katika miaka miwili hakuwa na mtu wa kumlaumu. Dada wa Bukavu alikuwa ametuma kwa mapenzi. Mjomba vile vile. Wa Sweden alikuwa amerudisha alichokuwa nacho. Mashine haikuwa na mkubwa. Alimfikiria Ulrich, na hata Ulrich, kwa kweli, alitaka tu picha nzuri. Ilikuwa hali mbaya sana. Akainuka, akasahau kibao mezani, akatoka nje akavuka barabara asijue anakokwenda.

Upande wa pili alisimama kupisha pikipiki, akageuka.

Mlango wa studio ulikuwa wazi, na ndani skrini ilikuwa bado inawaka. Na katika skrini, mbali kule, alisimama Orpa kwenye maharagwe, jembe begani, kitambaa upande, mkono juu, anapiga kelele. Ni yeye kabisa. Hata hasira ilionekana. Lori la matoke likapita katikati yao, na lilipomaliza kupita bado alikuwepo.

Appolinaire alivuka tena bila kutazama kulia wala kushoto, akatukanwa na dereva mmoja kwa lugha asiyoijua, akaingia.

"Print hiyo."

"Mzee, mtu akisimama karibu hapana ona kitu!"

"Asisimame karibu. Alikutana naye karibu lini? Siku yote alikuwa mu shamba."

Gad aliprint kubwa, kwenye kibao kipya. Ila kabla ya kuprint alilitoa jina la studio pembeni, na namba yake ya simu pia, na akamwomba mzee asimtaje. Yule wa hoteli alibaki pale Ruti, ameegemezwa ukutani. Wakati Appolinaire anatoka, mke wa askari alikuwa anauliza kama ile sakoshi inaweza kuja ya rangi nyingine.

Jumamosi watu walijaa uani. Kwaya iliimba, mchungaji akaomba, Ulrich akasimama na suti kuizindua picha. Hakuwa ameiona bado. Appolinaire alikuwa amemwambia tu kwamba ameirudisha Mbarara kurekebishwa, na Ulrich aliridhika, akidhani wameongeza kitu. Akavuta kitambaa cheupe.

Watu wa mbele walinyoosha shingo. Wakazirudisha.

Ulrich aliinama mpaka pua ikakaribia kibao. "Papa Sonia," alinong'ona, ingawa kipaza sauti kilikuwa mkononi na kila mtu alisikia, "hapa niko naona karo karo tu. Hii ni carrelage ya sakafu."

"Uko karibu mingi."

"Sasa batu batamusalimia namna gani? Desturi ni kupita hapa mbele!"

"Rudi nyuma."

"Mimi ni prezidenti wa komite, siwezi kurudi nyuma mbele ya batu!"

"Najua," Appolinaire akasema. "Hiyo ndiyo shida ya nchi zote."

Akainua meza, kibao na kitambaa juu yake, akaibeba. Alipita kati ya kwaya, akapita kando ya jiko la akina mama, akaingia shambani akikwepa mistari ya maharagwe, akaenda mpaka katikati. Huko akaiweka chini, akaigeuza kuelekea njia, akaegemeza picha vizuri. Kisha akarudi na kuwaambia watu watoke uani, wasimame njiani. Mchungaji alisema kwamba jambo hili halina mfano. Appolinaire alimjibu kwamba marehemu pia hakuwa nao.

Walitoka kwa manung'uniko, wakakanyagana viatu vya Jumapili mpaka njiani. Wa kwanza kugeuka alikuwa Capitoline. Alishika mdomo kwa mikono miwili.

"Orpa ééé!" akapiga kelele kuvuka shamba, kama alivyokuwa akifanya kila asubuhi. "Jambo yako, dada! Umeamuka?"

Na kule kwenye maharagwe Orpa alikuwa ameinua mkono.

Basi wakaanza. Kila mtu alisimama mahali pale pale, akamwita kwa jina kwa sauti ya kufika shambani. Wengine walilia. Mmoja alimwomba radhi kwa panga ambalo hakulirudisha. Wazee waliokwisha anza kusema kwamba hii si heshima walifika zamu yao, wakaona, wakavua kofia. Ulrich alikuja mwisho. Alijaribu kwanza kumsalimu kwa sauti ya ofisi, haikufika hata nusu ya shamba, akalazimika kupiga kelele kama mtu yeyote. "Mama Sonia! Tuko hapa!" Suti ilimpanda mabegani.

Sonia alikuwa amekaa juu ya mabega ya baba yake muda wote, anatazama. Appolinaire hakuthubutu kumuuliza kitu. Alihisi miguu yake midogo imembana shingoni, na alikuwa tayari kusikia swali la sakoshi.

"Papa."

"Ndiyo."

"Anasema nini?"

Appolinaire alimtazama Capitoline. Capitoline ndiye aliyekuwa amesimama hapa njiani siku ile, simu mkononi. Yeye ndiye aliyesemeshwa. Lakini Capitoline alikuwa amejificha uso kwenye kitenge, mabega yanatetemeka, na haikujulikana kama analia au anacheka.

Watu walio karibu walingoja. Mchungaji naye alitega sikio, huenda akitumaini neno la kupelekea mahubiri.

"Mbuzi," Appolinaire akasema. "Anamwambia Capitoline hapa: wewe unapiga picha, na mbuzi zako ziko ndani ya maharagwe yangu."

"Na zilikuwamo kweli," Capitoline akasema kutoka ndani ya kitenge. "Alinitukana mpaka jioni."

Sonia alifikiri juu ya jambo hilo. Akamtazama tena mama yake kule, mdomo wazi, mkono juu. Kisha akajisukuma, akateleza kwenye mgongo wa baba yake mpaka chini, akaokota kijiti.

"Nazifukuza, Mama!" alipiga kelele.

Akaingia shambani mbio, akipiga mimea kwa kijiti kulia na kushoto, anakwenda kama mtu anayekwenda kugombana. Mbuzi hakuwepo hata mmoja. Maharagwe yalikuwa yameanza kutoa maua, na mchungaji alimwambia Appolinaire amzuie mtoto, atayaharibu.

"Aliyetumwa na mama yake," Appolinaire akasema, "mimi nitamuzuia na cheo gani?"